Hakuna Mtu wa Kutupwa

Leo tuzungumze juu ya wasanii wanaookota vitu vilivyotupwa na kuvirudishia thamani. Utauliza: hayo yana habari gani na amani? Nivumilieni kidogo.

Nchi yetu hii ni ya shaba. Kabla ya kampuni yoyote kufika, wahunzi waliyeyusha shaba na kuimwaga katika umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilikuwa fedha na mahari, ikapita kutoka kabila hadi kabila. Leo mtoto anachukua waya na kopo tupu, anaunda gari lenye magurudumu. Fundi anayeyusha sufuria zilizotoboka, anatoa mpya. Jean Katambayi Mukendi, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1974 na kusomea umeme, ameunda mashine za ajabu kwa karatasi ngumu za maboksi, nyaya na vipande vya vyombo vya umeme. Sammy Baloji, mwana wa Lubumbashi pia, amechukua maganda ya mizinga na kupanda mimea ndani yake. Na kule Kinshasa, Freddy Tsimba anakusanya maganda ya risasi, vijiko na mapanga, anayaunganisha kwa moto mpaka yanakuwa miili ya watu.

Mnaona wanachofanya? Wengine wanapita na kusema, "Hiki kimekwisha." Msanii anasimama na kuuliza, "Hiki kinaweza kuwa nini?" Kazi yake inaanza katika jicho.

Sasa tukumbuke. Mwaka 1992 na 1993, katika Katanga yetu, jirani alitazamwa kwa jicho la kutupa. Watu wenye asili ya Kasai waliitwa bilulu, yaani wadudu. Walifukuzwa Likasi mwaka 1992. Machi 1993 ikafika zamu ya Kolwezi. Maelfu walilala kwenye stesheni wakingoja treni. Wengi walikufa, na watoto wadogo miongoni mwao. Wengine walikuwa wamezaliwa hapa hapa, kwa baba walioletwa kufanya kazi ya migodi na reli. Neno lilitangulia, fimbo na moto vikafuata.

Sheria inasemaje? Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 30, inampa kila mtu aliye katika nchi yetu haki ya kutembea na kuchagua makazi, kwa kufuata sheria. Haikutaja kabila. Basi anayemwambia jirani, "Rudi kwenu," anadai kitu ambacho sheria haimpi.

Kwa hiyo ninawaachia mashauri manne.

La kwanza, wewe kijana unayeunda kwa shaba, uliza ilikotoka. Waya uliokatwa kwenye nguzo haukutupwa na mtu. Huo ni mwanga wa hospitali na maji ya mtaa. Nunua kwa mtu anayejulikana, mbele ya shahidi, na muandike karatasi. Akikamatwa mmoja kwa wizi, watu hawamtaji yeye, wanataja kabila lake lote.

La pili, wewe fundi, mpokee mwanafunzi kwa bidii yake, usimwulize asili ya baba yake. Vijana wanaoshika nyundo moja hawadanganywi upesi juu ya wenzao.

La tatu, patanani juu ya fedha kabla ya kuuza: nani alileta chuma, nani alikifua, kila mmoja atapata kiasi gani. Ugomvi mdogo wa franka ukikosa karatasi, kesho unaitwa ugomvi wa makabila.

La nne, ukisikia binadamu anaitwa mdudu au takataka, iwe kanisani, sokoni au kwenye pombe, usicheke. Likatae neno hilo hapo hapo, kwa upole, lakini kwa sauti ya kusikika. Likipita bila kupingwa mara ya kwanza, mara ya pili litakuwa na wafuasi.

Katika vikundi vyenu, jadilianeni: Katika mtaa wetu, ni nani tunayemtazama kama kitu cha kutupwa? Na ni kazi gani tunayoweza kuifanya pamoja naye kabla mwezi huu haujaisha?