Handaki la Upepo na Vitu Viangukavyo Kutoka Angani



Alasiri ya tarehe 30 Desemba 2024, pete kubwa ya chuma, yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi, ilianguka katika kijiji cha Mukuku, kwa jirani zetu wa Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya, baada ya uchunguzi wa kwanza, lilieleza kuwa ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi, na kwamba vitu vya namna hiyo hutengenezwa ili viteketee angani au vianguke baharini. Yafaa basi tuulize: wataalamu hujuaje kitakachoteketea?

Kitu kirudicho kutoka katika mzunguko wa dunia huweza kwenda kilomita 28,000 kwa saa, yaani zaidi ya mara 20 ya mwendo wa sauti. Hewa iliyo mbele yake hubanwa ikawa moto mkali ajabu. Aluminiamu, kama ile ya sufuria zetu, huyeyuka kwa nyuzi 660. Lakini madini ya titaniamu hayayeyuki mpaka nyuzi zipite 1,600. Kimoja huisha angani, na kingine chaweza kufika shambani.

Mwenye baiskeli akiteremka mlima husikia upepo usoni hata siku ambayo majani hayatikisiki. Basi ni mamoja, kitu kipite hewani au hewa ikipite kitu. Handaki la upepo lafuata akili hiyo: kitu hufungwa mahali pamoja, na hewa iliyochemshwa hupitishwa juu yake kwa kasi kubwa. Katika mji wa Cologne, Ujerumani, sehemu za setilaiti zimekwisha kuwekwa katika hewa iliyochemshwa kwa umeme, ili ionekane kipi kitayeyuka na kipi kitabaki. Ni kama kupepeta mawele: hujulikana cha kupeperuka na cha kuanguka.

Kwa kuwa njia ya kupima ipo, warushao roketi hawana budi kuitumia. Kadhalika, mapatano ya mataifa ya mwaka 1972 yasema kwamba nchi iliyorusha chombo italipa hasara kitakayoleta juu ya ardhi.

Nanyi mkiona kitu kigeni kimeanguka, msikiguse, wala msikiuze kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Mwarifuni Chifu au polisi upesi. Kitu hicho ndicho ushahidi. Mwenyewe asipojulikana, hakuna wa kudaiwa.