Jukwaa la Kamirithu na Haki ya Hadhira Kunena



Aghalabu tunapokutana kuzungumzia mchango wa sanaa za maonyesho katika mabadiliko ya jamii, fikira zetu huukimbilia ujumbe, uwe ni wa chandarua, wa choo au wa mimba za utotoni. Na tukishauandika na kuukabidhi kwa kikundi cha wasanii kiupeleke vijijini kwa gari la mradi, hudhani tumekwisha kushauriana na wananchi, ilhali kwa hakika tumewahutubia tu, tena kwa ngoma. Dhamira ya mada hii ni kueleza kwamba mchezo hauwi chombo cha mashauriano mpaka wale ambao habari zao zinachezwa wawe na mkono katika kuutunga, wawe na idhini ya kuukosoa, na wabakie na neno la mwisho wachezaji wakisha kushuka jukwaani.

Ushahidi wangu mkubwa nautoa Kamirithu, kijiji kilicho karibu na Limuru nchini Kenya, ambacho wakazi wake wengi walikusanywa hapo kwa nguvu zama za Hali ya Hatari ya wakoloni katika miaka ya 1950, na ambao baada ya uhuru waliendelea kutafuta riziki katika mashamba ya chai ya watu wengine na katika kiwanda cha viatu. Katikati ya miaka ya 1970 kituo cha kijiji hicho kilikuwa na darasa la watu wazima la kusoma na kuandika, na kutokana na kazi za kituo hicho ndipo waandishi Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii walipotunga kwa Kikuyu mchezo wa Ngaahika Ndeenda, ambao Kiswahili kimeuita Nitaolewa Nikipenda. Kisa chake ni cha Kiguunda, kibarua mwenye hati ya ekari moja na nusu aliyoitundika ukutani kwa fahari, anayeshawishiwa na tajiri wake, Kioi, afunge ndoa ya kanisani na mkewe aliyeishi naye miaka mingi. Kiguunda akaweka ardhi yake rehani ili apate fedha za arusi, na ardhi ikapotea.

Lakini si kisa hicho kilicho muhimu zaidi kwetu leo, bali ni namna kilivyotengenezwa. Mswada uliposomwa mbele ya wanakijiji haukupokewa kwa heshima ya kitabu, bali ulipekuliwa: wazee walikataa mzee wa mchezoni azungumze lugha ya kijana, wafanyakazi wa kiwandani walieleza namna mshahara unavyolipwa na unavyokwisha, na bibi mmoja asiyejua kusoma aliwapa waandishi, ubeti kwa ubeti, nyimbo za jadi za gitiro za sehemu ya arusi. Mazoezi, chini ya uongozi wa Kimani Gecau, yalifanywa hadharani, hata mpita njia aliweza kusimama, kusikiliza, na kusema kwamba jambo fulani halikuwa hivyo. Kisha wanakijiji wakajijengea wenyewe jukwaa la wazi lenye nafasi ya watazamaji wapatao 2,000.

Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba kibali chake kikafutwa. Na tarehe 31 Desemba Ngugi wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini bila ya kushitakiwa mpaka Desemba ya mwaka uliofuata. Fauka ya hayo, Machi 1982 askari walilibomoa jukwaa lenyewe. Wajumbe wa semina watazame jambo hili kwa makini: katika mwaka huohuo wa 1977 riwaya ya Ngugi wa Thiong'o, Petals of Blood, iliyoandikwa kwa Kiingereza na yenye lawama zilezile dhidi ya wenye mali, na pengine kali zaidi, ilizinduliwa Nairobi na waziri wa fedha wa wakati huo, Mwai Kibaki. Kwa maoni yangu kilichoitia serikali khofu hakikuwa maneno ya mwandishi, bali ni vibarua kukaa pamoja, kuyachunguza maisha yao kwa lugha yao, na kuzoea kupinga.

Kwetu Tanzania, Penina Muhando Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifuata mwendo ulio karibu na ule wa Kamirithu huko Malya, Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakianza kwa kuwauliza wanakijiji shida zao, miongoni mwazo zikiwa mimba za wasichana, kisha wakizitumia ngoma za wenyeji kuzijadili. Naye mwanatamthilia Augusto Boal wa Brazil alikwenda mbali zaidi, akamruhusu mtazamaji kuusimamisha mchezo, kupanda jukwaani na kushika nafasi ya mchezaji ili ajaribu njia nyingine.

Lazima niseme pia lililo chungu. Mtaalamu huondoka na gari lake, na mwananchi aliyemtaja hadharani bwana shamba mla rushwa hulala kijijini pamoja naye. Kuwaita watu waseme bila ya kufikiri watakavyolindwa baada ya kusema ni dhuluma, hata nia ikiwa njema namna gani. Na haitoshi kujitetea kwamba wao ndio waliotaka.

Kwa hiyo nawaomba wajumbe, hasa wenye mamlaka ya fedha za miradi, wakubali mambo mawili: kwanza, isitolewe hata senti moja kwa mchezo ambao ujumbe wake umeandikwa mjini kabla ya mwanakijiji yeyote kuulizwa, na pili, kila bajeti itenge fedha za wasanii na wataalamu wa mradi kurudi kijijini baada ya maonyesho, wakae na wenyeji, wasikilize kilichowapata waliothubutu kunena, na wasimame nao mbele ya viongozi wa wilaya.