Fundi wa Gitaa la Umeme na Mikono Iliyo Nyuma Yake

(Maneno yaliyosemwa na ndugu mmoja wa karakana ya Reli mbele ya wanachama na wageni, Tiwi)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi ya mikono. Labda wengi mlidhani nitasema habari za injini na mabehewa, maana huko ndiko ninakopatia riziki yangu. Lakini leo nataka kumsifu fundi mmoja wa magitaa ya umeme. Najua wako watakaosema, "Gitaa na chama cha wafanyakazi, wapi na wapi?" Nawaomba subira. Mvumilivu hula mbivu.

Jambo hili si geni katika pwani yetu. Fundi Konde, aliyezaliwa Ugiriama mwaka 1924 na kufariki mwaka 2000, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupiga gitaa la umeme katika Kenya, na wimbo wake wa "Tausi Ndege Wangu" wazee wengi wanaukumbuka. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, bingwa wa gitaa la solo, alifariki kwa ajali ya barabarani hapa Mombasa mwezi wa Januari 1979. Tena, tangu mahoteli yalipojengwa Diani, vijana wetu wa Tiwi, Ukunda na Msambweni wamekuwa wakilisha watoto wao kwa gitaa. Mpigaji tunamjua na tunamshangilia. Je, aliyelitengeneza gitaa lenyewe ni nani?

Fundi ninayetaka kumtaja ni Clarence Leonidas Fender, ambaye watu walimwita Leo Fender. Alizaliwa tarehe 10 Agosti 1909 huko California, Marekani, na wazazi wake walikuwa wakulima wa machungwa. Alipokuwa mtoto wa miaka 8 alipoteza jicho moja. Alisomea hesabu za vitabu. Mambo ya umeme alijifunza mwenyewe, kwa kufungua redio na kuzifunga tena. Wakati wa dhiki kuu ya miaka ya 1930 kazi ya hesabu ikamtoka, akaachwa bila ajira kama walivyoachwa maelfu. Mwaka 1938 akakopa dola 600, akafungua duka la kutengeneza redio katika mji wa Fullerton. Na jambo la ajabu ni hili: mtu huyu hakujua kupiga gitaa, na hakujifunza mpaka alipokufa.

Sasa niwaeleze gitaa la umeme linavyofanya kazi, maana wengi hudhani umeme unapita katika nyuzi. Sivyo. Chini ya nyuzi za chuma pana sumaku ndogo, na sumaku hizo zimezungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu kwa maelfu. Uzi ukitikisika juu ya sumaku, nguvu ya sumaku nayo hutikisika, na umeme kidogo sana huzaliwa ndani ya waya ule. Ndugu zangu wa karakana mnalijua jambo hili: ni lile lile la dainamo. Umeme huo mdogo hupelekwa katika ampilifaya, hukuzwa, kisha hutoka katika spika kama sauti. Na vile vyuma vilivyolala juu ya shingo ya gitaa, kila mtu wa Reli akiviona atasema ni mataruma, maana vimepangwa kwa vipimo, na kimoja kikikaa vibaya safari yote imeharibika.

Leo Fender hakuwa wa kwanza kutia umeme katika gitaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 George Beauchamp na Adolph Rickenbacker walikwisha kufanya hivyo, na wengine walifuata. Lakini magitaa mengi ya wakati ule yalikuwa na tumbo tupu kama magitaa ya kawaida. Sauti ikiongezwa ukumbini, lile tumbo lilitikiswa na spika na gitaa likaanza kupiga mbinja lenyewe. Tena shingo yake ilikuwa imegandishwa kwa gundi, na ikipinda, mwenye gitaa hana budi kumtafuta fundi bingwa, kulipa fedha nyingi na kungoja majuma.

Fender alitazama shida hiyo kwa jicho la mtu wa kutengeneza redio. Alichukua ubao mzima usio na tumbo, akaukata umbo la gitaa. Shingo akaichonga peke yake, akaikaza kwa parafujo 4. Swichi na nyaya akaziweka mahali ambapo bisibisi inafika. Shingo ikipinda, fungua parafujo 4, weka nyingine, rudi kazini usiku ule ule. Gitaa hilo lilitoka mwaka 1950, na mwaka 1951 likapewa jina la Telecaster. Mwaka huo huo wa 1951 akatoa gitaa la besi, Precision, yaani usahihi, kwa sababu mataruma yake yalimwezesha mpigaji kupata sauti kamili bila kubahatisha. Kabla ya hapo mpiga besi alibeba zeze kubwa kama mlango. Mwaka 1954 likaja Stratocaster, lenye seti tatu za sumaku za kuchagulia sauti, na bei yake ilikuwa dola 249 na senti 50.

Hapa ndipo ninapomsifu kwa moyo wote. Mafundi wengi hutengeneza kitu ili watu washangae. Yeye alitengeneza kitu ili fundi mwingine, aliye mbali, asiyemjua hata kwa sura, aweze kukifungua. Sisi wa pwani tunalifahamu jambo hili kuliko watu wa bara. Upepo wa chumvi wa Tiwi hauna huruma. Nyuzi zinakula kutu, parafujo zinakula kutu, swichi zinakwaruza. Lakini mwenye gitaa la namna hiyo, akiwa na kitambaa kikavu, bisibisi na lehemu kidogo, atajitengenezea chini ya mwembe, na jioni atapiga. Huo ndio ufundi wenye heshima kwa mfanyakazi: haumfungi, unampa ufunguo.

Jambo la pili, mtu huyu alijua kusikiliza. Kwa kuwa hakupiga gitaa, aliwauliza wapigaji. Alikwenda kwenye kumbi za dansi, akawapa vyombo vyake wavijaribu, akasikia lawama zao. Walimwambia kwamba kingo za ubao zinawachoma mbavu na kuwaumiza mkono wakisimama usiku kucha. Hakuwajibu kwamba wao ni wapigaji tu, hawajui mambo ya kiwanda. Alikata kingo zile, akachimba nyuma ya ubao, hata Stratocaster ikakaa juu ya mwili wa mtu kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo chake. Na aliyekuwa akimsaidia kuchora chombo hicho alikuwa Freddie Tavares, mzaliwa wa Hawaii, aliyekuwa mwanamuziki mwenyewe.

Ndugu wanachama, ni mara ngapi tumeletewa zana za kazi ambazo hakuna aliyetuuliza habari zake? Anayeshika koleo, spana au winchi kutwa ndiye ajuaye inapouma. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Chama kinapodai wafanyakazi waulizwe kabla ya zana kununuliwa, hakiombi upendeleo. Kinaomba waajiri wafanye alivyofanya fundi yule wa Fullerton.

Sasa naja kwenye jambo la tatu, ambalo ndilo zito. Gitaa limeandikwa Fender. Lakini Fender mmoja hakuweza kuyatengeneza yote. Katika kiwanda kile alikuwako Tadeo Gomez, aliyekuwa akichonga shingo. Akimaliza, aliandika kwa penseli herufi mbili, TG, pamoja na tarehe, mahali palipofichika ambapo huonekani mpaka ufungue parafujo. Alikuwako pia Abigail Ybarra, aliyeanza kazi mwaka 1956, akizungusha ule waya mwembamba wa shaba juu ya sumaku. Aliifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 50, akastaafu mwaka 2013. Leo watu wanatafuta magitaa ya zamani yenye herufi za Tadeo Gomez, na waya uliozungushwa na Abigail Ybarra huuzwa kwa bei ya juu kwa sababu ya jina lake. Lakini walipokuwa vijana kazini, ni nani nje ya kiwanda aliyewajua?

Sikilizeni yaliyotokea baadaye. Leo Fender alipata maradhi yaliyomsumbua muda mrefu, na mwezi wa Januari 1965 akaliuza shirika lake kwa kampuni kubwa ya utangazaji ya Marekani, CBS, kwa dola milioni 13. Wenye mali wapya walitaka magitaa mengi zaidi na upesi zaidi. Katika miaka ya 1970 wapigaji wengi walilalamika: mbao ni nzito, viungo havikazi vizuri, kazi si ile tuliyoizoea. Jina lilikuwa lile lile juu ya kichwa cha gitaa, lakini jina peke yake halipigi muziki.

Mwaka 1985 CBS nayo ikauza. Walionunua walikuwa wakubwa na watumishi wa kampuni hiyo hiyo pamoja na watu wenye mitaji, wakiongozwa na William Schultz, kwa dola milioni 12 na nusu. Nisije nikawapotosha: hicho hakikuwa chama cha ushirika. Lakini angalieni walichonunua. Majengo ya Fullerton hayakuwemo. Mitambo haikuwemo. Walipata jina, haki za uvumbuzi na vipuri vilivyobaki. Wakaanza upya katika mji wa Corona. Basi kazi nzuri ilirudi kwa njia gani? Ilirudi kwa sababu mikono iliyojua kazi ilikuwa bado hai. Abigail Ybarra alikuwa angali anazungusha waya, na kabla hajastaafu alimfundisha mwenzake, Josefina Campos, aliyeishika kazi ile baada yake.

Na Leo Fender mwenyewe? Alikuwa na mali ya kumtosha, lakini hakuacha meza yake ya kazi. Alianza kiwanda kingine na wenzake, kisha kingine, na hata maradhi ya kutetemeka yalipomshika aliendelea kwenda kazini. Alifariki tarehe 21 Machi 1991.

Sisi wa Kwale tuna mfano wa karibu. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa mwaka 1988, watu walihesabu mitambo iliyobaki ikila kutu. Ni nani aliyewahesabu mafundi? Wachemsha sukari, wachomea vyuma, mafundi wa pampu, kila mmoja alikwenda na ujuzi wake, na mwingine amezikwa nao. Hasara hiyo haikuandikwa katika kitabu cha hesabu cha mtu yeyote, lakini ni hasara kubwa kuliko mitambo.

Kwa hiyo, ndugu zangu, naleta mambo matatu kwenu myafikiri. La kwanza, kila fundi mzee katika matawi yetu apewe kijana wa kumfundisha kabla ya siku ya kustaafu, na chama kidai jambo hili kwa mwajiri kama kinavyodai mshahara. La pili, kazi nzuri iwe na jina la aliyeifanya. Tadeo Gomez aliandika kwa siri ndani ya ubao. Sisi tuandike waziwazi, katika daftari la karakana na katika karatasi hii ya chama. La tatu, wapiga gitaa wa mahotelini tuwatambue kuwa ni wafanyakazi. Anayesimama saa tano usiku akiwafurahisha wageni, kisha akatoka bila mkataba, na akiugua hana wa kumlipia, huyo ni ndugu yetu. Mzazi wa Tiwi asimwite mwanawe mhuni kwa sababu ya gitaa. Amwulize kwanza, "Mwanangu, umeandikiwa mkataba?"

Mkipata nafasi, mwombeni kijana mmoja awafungulie gitaa lake. Mtaona sumaku, mtaona shaba iliyozungushwa kwa subira, mtaona parafujo 4. Mkifungua na shingo, angalieni kama pana herufi za mtu. Kama zipo, zisomeni kwa sauti.

Umoja ni nguvu.