Jina Tulilopewa



Kwa kuitayarisha yubile hii tulifungua tena vitabu vya ubatizo vya parokia. Humo akina Petro na Maria hawana hesabu. Mwaka 1972 serikali ya Zaire iliyakataza majina hayo. Kardinali Malula, aliyepinga, ilimpasa kukaa Roma miezi kadhaa. Wazazi wetu wakaitwa jina moja ofisini na lingine nyumbani, nao wakaendelea kusali.

Leo hakuna anayetukataza, na hapo ndipo penye taabu yetu. Sisi makatekista twafundisha watu kumkana Shetani; kisha mtoto akiugua, wengine kati yetu hupita usiku kwa mfumu, kutafuta jirani wa kushtakiwa uchawi. Jirani huyo naye yumo katika kitabu kilekile.

Tumtazame Mwenye heri Anuarite. Alipouawa huko Isiro, tarehe 1 Desemba 1964, alimsamehe koloneli aliyemwua. Wala hakuacha kuwa binti wa Wabudu ili awe wa Kristu: Papa Yohane Paulo II alipomtangaza Mwenye heri mjini Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985, jina la ukoo na jina la utawa yalitajwa pamoja.

Ndugu, tunao majirani ambao hatujawasalimu tangu matanga ya mwaka jana. Misa ya yubile ni kesho asubuhi. Sisi makatekista tutapita kwao leo jioni, nasi twaomba wazee watusindikize.