Msaada Hufuata Daftari

(Hotuba iliyotolewa kwenye harambee yetu ya mwaka)



Kazi yangu ni uhasibu, kwa hiyo mniruhusu nianze na namba. Mwaka 2019 bei ya pamba ilitangazwa kuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Mwaka 2020, UVIKO-19 ulipobana masoko ya dunia, ilishuka hadi 810. Aliyevuna kilo 500 alipungukiwa shilingi 195,000. Mwezi Aprili mwaka huohuo mgodi wa Mwadui nao ukasimamisha uzalishaji. Sisi wa Maganzo tunajua maana yake: mgodi ukinyamaza, hata mama lishe anazima jiko.

Je, Serikali ilisaidia? Ndiyo, kwa njia yake. Oktoba 2021 Rais Samia alizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3, mkopo wa masharti nafuu kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Fedha hizo zilijenga madarasa 15,000 nchini, nyingine zikaenda kwenye maji na afya. Tunashukuru. Lakini haukuwa mpango wa kumfidia mkulima hasara ya bei.

Marekani walifanya tofauti. Aprili 2020 walitangaza dola bilioni 16 za kuwalipa wakulima na wafugaji moja kwa moja. Mkulima alipeleka maombi na hesabu zake kwenye ofisi ya kilimo ya eneo lake. Mfugaji alieleza ng'ombe aliouza kati ya 15 Januari na 15 Aprili. Sasa tujiulize: Serikali yetu ingetangaza vivyo hivyo, nani kwetu angekuwa na karatasi mkononi?

Nitajibu kwa mfano wa mama yangu. Mwaka 2022 ilipokuja ruzuku ya mbolea, mkulima aliyesajiliwa alinunua mfuko wa kilo 50 wa Urea au DAP kwa 70,000, wakati bei bila ruzuku ilipita 120,000. Mama alikuwa na majina matatu: moja kwenye daftari la kijiji, jingine kwenye kitambulisho cha Taifa, la tatu kwenye stakabadhi za pamba. Na stakabadhi nyingi zilikuwa zimeliwa na mchwa. Msimu ule ruzuku ilimpita. Mimi mwanawe natunza vitabu vya watu mjini, lakini sikuwahi kumfungulia mama hata faili moja. Kosa ni langu.

Ndugu zangu, hatuwezi kupanga bei ya pamba wala kuzuia ugonjwa. Tunaweza kuhakikisha kwamba msaada ukija, unawakuta wazazi wetu kwenye daftari, kwa jina moja. Ndiyo maana mwaka huu tunachangia meza ya kumbukumbu hapa Maganzo: kompyuta, mashine ya kuchapia, kabati la chuma, na vijana wawili watakaopita kwa wakulima wakati wa msimu wa kuuza pamba, kulinganisha majina na kutunza nakala za stakabadhi.

Ombi langu ni dogo. Kila mmoja wetu atoe thamani ya kilo 100 za pamba kwa bei ile ya 2020: shilingi 81,000. Mhazini atakukatia risiti. Itunze, usiwaachie mchwa.