Wapoland wa Abercorn na Majina ya Kwetu

 Leo, msikilizaji wa Rukwa, tunavuka mpaka pale Kasesya tufike Mbala, nchini Zambia, mji ambao wazee wetu waliuita Abercorn. Wengi wenu mnaujua kwa biashara na undugu. Wachache wanajua kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia palikuwa na kambi ya Wapoland pale, mamia ya watu, wengi wao kina mama na watoto.

Walifikaje? Septemba 1939 Ujerumani iliivamia Poland kutoka magharibi, na tarehe 17 mwezi huohuo jeshi la Urusi ya Kisovieti likaingia kutoka mashariki. Februari 10, 1940, katikati ya baridi kali, askari wa NKVD, polisi wa siri wa Kisovieti, waligonga milango alfajiri, wakazipa familia muda mfupi tu wa kufunga mizigo, kisha wakazipakia kwenye mabehewa ya mizigo kuelekea Siberia. Aprili na Juni mwaka huo wakachukuliwa wengine, na 1941 wengine tena. Kumbukumbu za Wasovieti wenyewe zinataja watu zaidi ya 300,000. Walikatishwa magogo, walilimishwa Kazakhstan, na wengi walikufa kwa njaa na maradhi.

Hitler alipomgeukia Stalin mwaka 1941, Wapoland waliobaki hai wakaachiwa. Jenerali Władysław Anders akaunda jeshi kutokana nao, na mwaka 1942 jeshi hilo likatoka pamoja na maelfu ya raia kwa meli, kuvuka Bahari ya Kaspi hadi bandari ya Pahlevi, Uajemi. Wanaume wakaelekea vitani. Kina mama, wazee na yatima wakatafutiwa hifadhi, na Uingereza ikawaleta kwenye makoloni yake. Tanganyika iliwapokea Tengeru karibu na Arusha, kambi kubwa kuliko zote, watu wapatao 5,000, kisha Kidugala, Ifunda, Kondoa na Morogoro. Uganda kulikuwa na Masindi na Koja. Rhodesia ya Kaskazini walikaa Bwana Mkubwa, Lusaka, Fort Jameson, na hapa kwa jirani zetu, Abercorn.

Sasa tuseme kuna mjukuu yuko London au Warsaw leo. Anajua tu kwamba bibi yake aliwahi kuishi Afrika. Aanzie wapi? Nataka tuifuate njia yake, kwa sababu ndani yake kuna funzo kwetu sisi Wafipa.

Karatasi ya kwanza iliandikwa na watesi. Askari waliowahamisha watu walikuwa na orodha: jina, jina la baba, mwaka wa kuzaliwa, kijiji alikotolewa, mahali alikopelekwa. Orodha hizo zilifungiwa miaka mingi. Utawala wa Kisovieti ulipoanguka, taasisi ya KARTA ya Warsaw ilianza kuzikusanya na kutengeneza faharasa ya majina ya walioteswa. Hili linanigusa sana. Daftari lililoandikwa ili mtu asitoroke ndilo leo linalomthibitishia mjukuu kwamba bibi yake hakupotea bure.

Karatasi ya pili ni ya jeshi la Anders na ya Uajemi. Taasisi ya Poland yenye makumbusho ya Jenerali Sikorski, London, inahifadhi nyaraka nyingi za jeshi hilo. Taasisi ya Hoover kule California ina maelfu ya ushuhuda ulioandikwa na wahamishwa wenyewe muda mfupi baada ya kutoka Urusi, mwingine kwa mkono wa watoto. Mtoto anaeleza mama yake alifia kituo gani cha treni. Hakuna mwanahistoria anayeweza kuliandika hilo vizuri zaidi.

Karatasi ya tatu ni ya kambi za Afrika, na hapo mjukuu anafika kwetu. Kambi ilihitaji kujua ni midomo mingapi ya kulishwa, watoto wangapi wa kwenda shule, nani amelazwa, nani amefariki. Majalada ya serikali ya kikoloni yako Dar es Salaam, katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Ya Abercorn ayatafute Lusaka. Makaburi nayo ni kumbukumbu. Yale ya Tengeru, yapatayo 150, bado yanatunzwa, na majina yanasomeka kwenye mawe.

Karatasi ya nne ni ya kuondoka. Vita vilipokwisha, vijiji vyao vingi vilikuwa vimeangukia upande wa Kisovieti, na wengi hawakutaka kurudi. Shirika la kimataifa la wakimbizi, IRO, likawasajili na kuwasafirisha Uingereza, Kanada, Australia. Mwaka 1949 padri Łucjan Królikowski aliongozana na yatima wapatao 150 wa Tengeru hadi Kanada. Kumbukumbu nyingi za IRO ziko Ujerumani, katika hifadhi ya Arolsen, na ndugu anaweza kuomba atafutiwe jina bila malipo.

Kazi hii ina mitego. Karani Mwingereza alisikia jina la Kipoland akaliandika alivyolisikia, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na tahajia tatu. Mume ni Kowalski, mkewe ni Kowalska. Mji wa Lwów sasa uko Ukraine na unaitwa Lviv. Anayetafuta tahajia moja na ramani moja atarudi mikono mitupu.

Mitego hiyohiyo inatusubiri sisi. Ufipa wa miaka ya 1940 ulikuwa chini ya Jimbo la Magharibi lililotawaliwa kutoka Tabora. Mkoa wa Rukwa ulizaliwa 1974. Anayetafuta habari za babu yake chini ya neno Rukwa katika jalada la mwaka 1945 hatapata kitu. Kasanga aitafute pia kwa jina la Kijerumani, Bismarckburg.

Na hapa niseme wazi kinachoniuma. Abercorn hiyohiyo ndiko Jenerali Lettow-Vorbeck wa Ujerumani aliposalimisha silaha katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Novemba 25, 1918. Nyuma ya majeshi yote ya vita vile walitembea wapagazi wa nchi hizi, na waliokufa kwa kuhara, njaa na uchovu ni makumi ya maelfu. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Yatima wa Kipoland aliyepita Abercorn ana karatasi nne. Mpagazi aliyefika Abercorn zaidi ya miaka ishirini kabla yake mara nyingi hana hata moja. Hiyo ni dhuluma, na haijalipwa.

Lakini hatukuachwa watupu. Misheni kongwe kama Karema, Kala, Zimba, Kate na Mwazye ziliandika rejesta za ubatizo: jina la mtoto, wazazi, msimamizi wake, na mara nyingi pembeni ndoa aliyofunga baadaye. Kuna vipande vya manamba waliokwenda mashamba ya mkonge. Kuna vyeti vya askari wa King's African Rifles. Vingi vimo kwenye masanduku ya bati chini ya vitanda vyetu, vinaliwa na mchwa.

Basi, msikilizaji, wiki hii fungua sanduku hilo. Usichome karatasi yoyote kwa sababu huielewi. Ipige picha, andika nyuma ya nakala jina la mwenyewe, kijiji, na aliyekusimulia. Kisha nenda kwa mzee aliye hai, umwulize majina ya waliokwenda wasirudi, uyaandike yote, kwa kila tahajia atakayoitamka.