Maumivu ya Uso Yasiyotokana na Jino: Yampasayo Mgonjwa Kuuliza Kabla ya Upasuaji



Mara nyingi tukikutana huzungumza juu ya mizani ya mahindi na bidhaa bandia zinazopita mpakani. Leo naomba tuzungumze juu ya huduma ya tiba. Hii ni huduma ambayo mtu huilipia akiwa katika maumivu, na mwenye maumivu hasahau tu bei. Husahau hata kuuliza.

Chukueni mfano wa mama anayefanya biashara ya mchele. Asubuhi ya mwezi Juni, amepanda bodaboda kutoka Mpemba, upepo wa baridi unampiga shavuni. Ghafla anapata maumivu makali kama shoti ya umeme, upande mmoja wa uso. Yanadumu sekunde chache, yanaacha, kisha yanarudi anaposwaki, anapotafuna au anaponawa uso. Anang'olewa jino la kwanza, maumivu yanabaki. Anang'olewa la pili, kisha la tatu. Amelipa mara tatu, amepoteza meno mazima, na ugonjwa uko palepale.

Maumivu ya namna hiyo huenda yasitokane na jino. Uso hupata hisia kupitia mshipa wa fahamu wa tano wa kichwani, unaochipuka kwenye shina la ubongo, yaani sehemu inayounganisha ubongo na uti wa mgongo. Kwa wagonjwa wengi, mshipa wa damu umelala juu ya mzizi wa mshipa huo wa fahamu na kuugandamiza kwa kila pigo la moyo. Ganda linaloukinga huchakaa, na mguso mdogo wa shavuni hupokewa kama maumivu makali. Maradhi haya huwapata zaidi watu waliovuka miaka 50, na wanawake kuliko wanaume. Mgandamizo kama huo ukiupata mshipa wa fahamu wa saba, nusu ya uso hucheza yenyewe bila kuuma. Huo si uchawi, wala si dalili ya kurogwa.

Tiba huanza kwa dawa. Dawa inayotumika zaidi tangu miaka ya 1960 ni karbamazepini, ileile wanayopewa wagonjwa wa kifafa. Huwasaidia wengi, lakini si dawa ya kujinunulia. Huweza kuleta kizunguzungu, kupunguza chumvi mwilini, kudhuru chembe za damu au kusababisha vipele vya hatari. Aidha, hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Mwelezeni daktari dawa zote mnazotumia, na mjamzito aseme mapema. Msiiache ghafla bila ushauri. Msinunue vidonge visivyo na lebo, viwe vimetoka upande huu wa mpaka au upande wa Nakonde.

Dawa zikishindwa, au madhara yake yakizidi, ndipo upasuaji hufikiriwa. Mwaka 1934 daktari Mmarekani, Walter Dandy, alieleza jinsi alivyoona mishipa ya damu ikiugusa mshipa huo wa fahamu. Katika miaka ya 1960 Peter Jannetta, naye wa Marekani, aliuendeleza upasuaji huu kwa kutumia hadubini. Mgonjwa hulazwa usingizi, hukatwa nyuma ya sikio, na tundu dogo hutobolewa kwenye fuvu. Daktari husogeza mshipa wa damu na kuweka kipande laini cha tefloni katikati, ili usiendelee kuugandamiza mshipa wa fahamu. Hakuna kinachokatwa katika ubongo.

Matokeo yake ni mazuri, lakini si ya uhakika. Katika utafiti mmoja mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 1996, wagonjwa wapatao 7 kati ya 10 walikuwa hawana maumivu miaka 10 baadaye, bila kutumia dawa. Hatari zake ni kupoteza usikivu wa sikio la upande huo, ganzi ya uso, kuvuja kwa maji ya ubongo, maambukizi, na kwa nadra kiharusi au kifo. Anayewaahidi kupona kwa asilimia mia moja hajawaambia ukweli wote.

Sasa nieleze hatua za kufuata.

Kwanza, msikubali jino la pili ling'olewe kabla hamjaelezwa, na ikiwezekana kuonyeshwa kwa picha, ubovu wake.

Pili, fuateni ngazi za rufaa: zahanati au kituo cha afya, hospitali ya wilaya, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, iliyo takriban kilometa 100 kutoka Tunduma. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyobobea katika upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu, iko Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 900. Kwa safari hiyo, hakikisheni mna barua ya rufaa na vipimo vya awali, na ulizeni mapema kama mashine ya MRI inafanya kazi. Kipimo hicho huonyesha pia kama kuna uvimbe unaoleta maumivu hayo.

Tatu, ombeni mchanganuo wa gharama kwa maandishi: vipimo, upasuaji, chumba cha uangalizi maalumu, dawa na siku za kulazwa. Mwenye bima aulize kabla ya kulazwa kipi kinalipwa na kipi hakilipwi. Asiye na uwezo aende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ya umma kabla hajauza shamba. Lipeni kwa namba ya malipo ya Serikali na mtunze stakabadhi.

Nne, kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa, mwulizeni daktari: Je, una hakika ni ugonjwa huu? Umefanya upasuaji huu mara ngapi? Kuna njia nyingine? Nikikataa, itakuwaje? Maswali haya si utovu wa adabu. Ni haki yenu.

Tano, baada ya upasuaji, mkiona maji meupe yakitoka puani au kwenye kidonda, homa, au shingo kukakamaa, rudini hospitali siku hiyohiyo.

Msiporidhika, anzeni na dawati la malalamiko la hospitali, kisha Mganga Mkuu wa Halmashauri. Malalamiko juu ya mwenendo wa daktari hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika, na juu ya dawa, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Ndugu zangu, kuuliza si ujinga. Yule mama wa mchele angeuliza baada ya jino la kwanza, angebaki na mawili, na fedha yake ingemfikisha kwa daktari anayestahili.